Mkeka wa Kalolaine na mstari uliotoweka

Ni Ijumaa, saa tatu asubuhi, na Toakase Halapio anahesabu kwa kidole mbele ya kompyuta yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Moja. Mbili. Nne."

Anaondoa kidole, anafuta skrini kwa upindo wa gauni, kisha anahesabu upya kutoka juu kwenda chini. Nne. Mbili. Moja. Hajakosea. Ya tatu haipo.

"Hata aliyeiba kuku wangu mwaka jana aliacha manyoya," anasema bila kugeuka. "Huyu kafagia na manyoya."

Toakase, mwenye umri wa miaka 41, anahariri video za misiba, harusi na sikukuu za kanisa hapa Haveluloto, pembeni mwa Nuku'alofa, mji mkuu wa nchi hii ya visiwa. Ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake: meza moja, kiti kimoja, feni iliyokwama shingo ikipuliza ukutani, na kompyuta ya mitumba aliyoinunua kwa paanga 1,900. Msiba mmoja humlipa paanga 700, na mwezi mzuri huwa na misiba mitatu. Anasema neno "mzuri" kisha anaomba radhi kwa marehemu.

Kazi yenyewe inaeleweka hata kwa asiyeijua. Kila kamera iliyokuwapo msibani hupewa mstari wake kwenye skrini, picha zikiwa juu na sauti chini. Mistari hulazwa sambamba na kulinganishwa mpaka mdomo wa mchungaji ufunguke kwa wakati mmoja kwenye kamera zote. Baada ya hapo Toakase anapita na kuchagua: hapa tutazame kupitia kamera hii, pale kupitia ile.

Msiba alionao mkononi ni wa mzee Feleti Vaipuna, aliyezikwa Jumatano ya wiki iliyopita. Kamera zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa begani mwa kaka yake, Sateki. Ya pili aliishika yeye, upande wa wanawake. Ya tatu ilisimama peke yake juu ya stendi fupi, kando ya turubai ambako wanaume walikuwa wakinywa kava, kinywaji chungu cha mizizi, ikitazama uwanja. Ya nne ilikuwa simu ya Pelenaise, mke wa Sateki, barazani.

Kwa hiyo mistari ya picha inapaswa kuwa minne, na ya sauti minne. Iliyopo ni mitatu na mitatu.

Siku nyingine angemwita Sateki, ambaye nyumba yake iko hatua thelathini kutoka hapa. Lakini Toakase na kaka yake hawajawahi kuketi mbele ya skrini moja tangu wapate akili, na hawatarajii. Heshima ya kaka na dada haikai chumba kimoja na picha inayotembea, kwa sababu hakuna ajuaye picha inayofuata ina nini ndani yake. Wakiwa watoto, baba yao aliwasha video kwa zamu: leo wavulana, kesho wasichana.

Biashara nayo imejengwa juu ya zamu hizohizo. Sateki huingia saa kumi na moja alfajiri, hunakili kadi za kamera, hupanga mistari na kuilinganisha. Saa mbili huondoka kwenda bandarini, ambako anaendesha winchi. Toakase huingia akiwa ameshatoka, hukuta kiti bado kina joto, na huanza kukata. Wenye biashara hawa wawili huzungumza kwa daftari la shule lililo kando ya kipanya.

Leo daftari lina mistari miwili ya mwandiko wa Sateki: "Tayari, nimepanga yote. Kamera ya tatu usiihangaikie."

"Usiihangaikie," Toakase anasoma kwa sauti, mara mbili, kila mara akibana meno zaidi. "Kwa hiyo anajua. Anajua haipo, na ananiambia nisihangaike."

Ana sababu ya kuhangaika, na jina lake ni Kalolaine.

Kalolaine ni dada mkubwa wa marehemu. Ana miaka 78, anaishi Auckland, na figo zake zinamrudisha hospitali mara tatu kwa wiki, hivyo hakuweza kupanda ndege kuja kumzika kaka yake. Badala yake alimtuma binti yake, Vaimoana, na ndani ya begi la Vaimoana ulikuwamo mkeka.

Si mkeka wa kulalia. Ni ule mwororo kama kitambaa, uliosukwa na mwanamke aliyekufa kabla bibi yake Kalolaine hajazaliwa, wenye manyoya mekundu pindoni, unaotoka sandukuni kwa mambo mazito tu. Siku ya mazishi wanawake sita waliushika, wakaupeleka uwanjani na kuufungua mbele ya watu wote. Ndivyo asemavyo Vaimoana, aliyekuwa mmoja wa hao sita.

Lakini kuna mtu alimpigia Kalolaine simu akamwambia vingine. Alimwambia mkeka wake haukufunguliwa. Ulitupwa juu ya lundo la mikeka mingine ukiwa umekunjwa, kama gunia.

Binti alipomhakikishia, mama alimjibu kwamba yeye ni mwanawe na kazi ya mwana ni kumfariji mamaye. Akataka kuona kwa macho yake. Ameshampigia Toakase mara tatu. Mara ya tatu hakusalimia.

"Mwanangu, mimi sitaki nyimbo wala hotuba," alisema. "Nataka kuona mkeka wangu umefunguliwa. Usipoonekana humo, nitajua nyumba ya kaka yangu imenitupa. Na mimi sitapiga tena simu huko mpaka nife."

Tatizo ni mvua. Dakika ileile mkeka unaletwa, mvua ilishuka na miavuli ikafunguka. Kamera ya Toakase iliona miavuli tu. Simu ya Pelenaise ilikuwa ikimfuata mwanawe mwenyewe na kipande cha keki. Ya Sateki ilizimwa kwa muda, na kwenye daftari ameandika "betri". Iliyobaki ikitazama uwanja bila kupepesa ni ya tatu peke yake.

Vaimoana anarudi Auckland kesho, Jumamosi, kwa ndege ya saa tisa alasiri, na diski itakwenda naye. Kuituma kwa mtandao ni ndoto: filamu ya saa tatu kwa intaneti ya mtaa huu haiwezi kufika hata Jumatatu. Na Jumapili hapa hapafanyiki kazi ya aina yoyote, wala ndege hairuki. Ndugu wa Auckland wamekwisha panga kukusanyika Jumapili baada ya ibada watazame pamoja, na Kalolaine katikati yao.

Toakase anajua gharama ya mkeka usioonekana. Miaka miwili iliyopita, katika harusi ya familia moja ya kanisani, alikata sekunde ishirini alizodhani ni marudio. Yalikuwa si marudio. Ulikuwa mkeka wa pili. Wiki iliyofuata watu saba walifuta kazi walizompa, na mama mmoja alihama benchi ibadani ili asikae naye.

"Sikuiba, sikuvunja ndoa ya mtu," anasema. "Nilikata sekunde ishirini."

Basi anaanza kutafuta, na utafutaji huo unamla asubuhi nzima.

Kwanza anashusha na kupandisha ule ufito wa pembeni, huenda mstari umejificha chini. Haupo. Kisha anashika mpaka unaotenga picha na sauti, anauvuta chini. Picha zinajaa skrini yote, na bado ni moja, mbili, nne. Anauvuta juu, sauti zinajaa, moja, mbili, nne. Anapanua urefu wa kila mstari, mmojammoja, mpaka mstari wa nne unakuwa mnene kama godoro na hauonyeshi kitu isipokuwa shati la mtoto wa Pelenaise.

Anarudisha madirisha yote ya programu mahali yalipokuwa siku aliponunua. Anafunga, anafungua. Anazima kompyuta, anachomoa waya, anakunywa maji, anachomeka.

Moja, mbili, nne.

Saa nne na nusu anampigia fundi wa kompyuta mjini. Fundi anamuuliza kama amejaribu kuzima na kuwasha. Toakase anamwambia amejaribu mara tatu. Fundi anamshauri ajaribu mara ya nne, halafu anasema pengine programu imechoka, afute na kuiweka upya. Kuiweka upya kunahitaji kupakua, na kupakua kwa intaneti hii ni kazi ya siku mbili. Toakase anamshukuru kwa adabu, anakata simu, na kuiweka mezani kwa kishindo kisicho na adabu.

Mtandaoni anakuta mtu wa nchi asiyoijua akieleza dawa: fungua programu huku umebana vitufe viwili, mipangilio yote itafutika na matatizo yatakwisha. Anabana. Mipangilio inafutika kweli. Njia za mkato alizozizoea kwa miaka sita zimeondoka, maandishi yamekuwa madogo kama chawa, na rangi aliyoichagua ili macho yasimuume imegeuka nyeupe ya hospitali.

Moja, mbili, nne.

"Sasa nisikilize," anasema, na haijulikani anamwambia nani. "Kama ya tatu ingekuwa imefutwa, ya nne ingeitwa ya tatu. Si ndivyo? Kompyuta ingesogeza namba. Lakini haijasogeza. Kwa hiyo ya tatu ipo. Ipo humu ndani, inaniangalia."

Ili kuthibitisha anaongeza mstari mpya. Kompyuta inaupa namba tano. Toakase anapiga paja lake kwa nguvu: alikuwa sahihi, na usahihi huo haumsaidii chochote.

Anaamua kuachana na mstari na kwenda kwenye mafaili yenyewe. Rekodi za kamera ya tatu zipo kwenye diski, vipande kumi na saba vya dakika ishirini kila kimoja, vyote bila jina. Anachukua kipande kimoja, anakivuta mpaka pale anapojua mkeka uliletwa, anakiachia. Kinapotea. Anavuta kingine. Kinapotea. Cha tatu nacho kinamezwa vilevile, bila hata mlio.

Anafunga programu kwa hasira na kuifungua upya. Ni kosa, ila hatalijua mpaka mchana.

Mara ya nne anakilenga kipande moja kwa moja kwenye mstari wa tano. Safari hii kinakaa. Toakase anavuta pumzi ya kwanza ya maana tangu asubuhi, anaongeza sauti ya spika na kuanza kutazama. Kipande cha kwanza ni ukingo wa turubai na majani. Anaingia cha pili. Turubai, majani, na kwa karibu sana sauti za wanaume wakigonga vifuu vya kava, mmoja wao akianza kusimulia jambo.

Hapo ndipo Pelenaise, aliyekuwa akipita na sinia ya muhogo wa kuchemsha, anaingia mbio, anaweka sinia juu ya daftari, anainama chini ya meza na kuchomoa waya wa spika.

Chumba kinanyamaza.

"Wifi," anasema Toakase taratibu, "nirudishie waya wangu."

"Wifi, hiyo usisikilize."

"Nirudishie waya."

Pelenaise, mwenye miaka 34, ni mwanamke wa kucheka, na leo hacheki. Anaukumbatia waya kifuani kama mtoto mchanga na kueleza huku akitazama muhogo. Sateki alipokuwa akilinganisha mistari, jana alfajiri, alifika kwenye kamera ya tatu akasikia kila neno lililosemwa chini ya turubai. Kipaza sauti kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye bakuli la kava. Yalikuwa maneno ya wanaume, juu ya ujana wa marehemu, yale ambayo wanaume husemezana msibani ili wasilie.

Toakase anasema maneno ya wanaume ameyahariri miaka sita na hajafa.

"Si ya wanaume tu," anasema Pelenaise. "Anayesimulia ni mume wangu."

Neno linachukua muda kumwingia. Kisha Toakase anaelewa mambo mawili kwa pamoja. Kwamba kaka yake aliuficha mstari kwa mkono wake mwenyewe, ili dada yake asimsikie akisema asichopaswa kusikia kutoka kinywani mwake. Na kwamba kamera ya kwanza haikuwa ikibadilishwa betri. Ilikuwa imewekwa chini kwenye majani, na mwenyewe alikuwa na kifuu cha kava mkononi, akichekesha watu.

"Betri," anasema.

"Betri," anakubali Pelenaise.

"Na wewe ulijua tangu jana."

"Aliniapisha, wifi. Alikaa kitandani kashika kichwa. Nilidhani kafiwa tena."

Toakase anasimama, anaketi, anasimama tena. Saa nne za maisha yake zimekwenda. Mipangilio yake imekwenda. Na hata kumgombeza vizuri hawezi, maana kumgombeza ni kulitaja jambo, na kulitaja jambo ndilo hasa lisilowezekana. Anakula muhogo kwa hasira, akiukazia meno kama ndiye Sateki.

Halafu anamwambia wifi yake ampigie mumewe.

Sateki anapata ruhusa bandarini na kufika saa nane mchana, mwanamume mrefu wa miaka 44 aliyejifunga kiunoni mkeka wa maombolezo juu ya nguo za kazi, kama ilivyo desturi hapa. Haingii. Anasimama nje chini ya upenu, mgongo wake ukielekea dirishani, uso kwenye shamba la taro la jirani. Siku za kawaida yeye na dada yake huzungumza vizuri tu. Leo maneno yote anayapitisha kwa mkewe, aliyesimama kati ya dirisha na meza.

"Mwambie atazame kushoto kabisa, juu ya namba za mistari," anaanza. "Kuna kidude kama jicho lililofumba."

"Wifi, anasema kushoto kabisa—"

"Nimesikia, wifi. Yuko hatua mbili."

"Sasa mimi nisitafsiri?"

"Mwambie vidude vya jicho viko vinne."

"Si vile vya kwenye kila mstari," mgongo unajibu. "Hivyo vinazima picha. Mimi nasema kile kimoja, cha peke yake, kidogo. Ukikibonyeza, mistari uliyoichagua inajificha isionekane, ila inabaki palepale. Ukikibonyeza tena inarudi."

Toakase anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Kidude kipo. Ni kidogo kuliko punje ya mchele, kijivu juu ya kijivu, na kwa miaka sita hajawahi kukiona. Anakibonyeza.

Mistari miwili, mmoja wa picha na mmoja wa sauti, inafunguka katikati ya mingine kama mlango. Moja, mbili, tatu, nne.

Hakuna anayeshangilia, kwa sababu Toakase amekwisha ona kitu kingine. Katikati ya mstari wa tatu, hasa pale mkeka unapopaswa kuwa, kuna vipande vitatu visivyo na mahusiano: mbingu, turubai, na goti la mtu. Ni vile alivyoviachia asubuhi vikapotea. Programu hupeleka kipande kipya kwenye mstari uliofanyiwa kazi mwisho, na mstari uliofanyiwa kazi mwisho ulikuwa huo uliofichwa. Havikumezwa. Vilikuwa vikiangukia juu ya mkeka, kimoja baada ya kingine. Na kwa kuwa alifunga programu na kuifungua upya, hakuna tena pa kurudi nyuma.

Nje, Sateki anauliza kuna nini.

"Mwambie kaka yangu," anasema Toakase, na sauti yake ni nyororo kiasi cha kutisha, "kwamba nimeubandika mguu wa mtu juu ya mkeka wa Kalolaine. Kwa sababu mkeka ulikuwa umefichwa, na mimi si mchawi."

Vipande ni kumi na saba, karibu saa sita za rekodi, kwenye kompyuta inayokwama kila ukiisukuma mbele. Kuvitazama vyote bila sauti, kisha kukata filamu nzima, hakuingii kabla ya ndege ya kesho.

"Kipande cha kumi na moja," anasema Sateki hatimaye. "Dakika ya saba. Sekunde ya kumi, au kumi na mbili."

Pelenaise anageuka dirishani. "Umejuaje mpaka sekunde?"

Mgongo unanyooka.

"Mwambie asiulize," unasema.

"Ni mimi ninayeuliza."

"Basi usiulize wewe."

Toakase hajaangalia upande wao. Spika zimechomolewa, waya uko mkononi mwa wifi yake. Anafungua kipande cha kumi na moja, anakwenda dakika ya saba, sekunde ya kumi. Mvua inaonekana ikishuka kimyakimya. Miavuli inafunguka pembeni, na kamera hii, iliyokaa chini na mbali, inaona chini ya miavuli yote. Wanawake sita wanaingia uwanjani wakiwa wameinama kidogo, Vaimoana wa pili kutoka mbele. Wanasimama. Wanaachana, watatu huku na watatu kule, na mkeka unafunguka kati yao, mpana kuliko alivyofikiri, wa rangi ya mchanga mkavu, na manyoya mekundu yakichezacheza pindoni kwa upepo wa mvua. Wanausimamisha watu waone. Sekunde arobaini na moja.

Pembeni yao, upande wa kulia, karibu na kamera, wanaume wanane wamekaa duara chini ya turubai, midomo wazi, wanacheka. Aliye katikati ni Sateki. Mikono yake iko hewani ikionyesha mtu anayejaribu kupita mahali pembamba.

Toakase anaitazama mara moja tu. Hajawahi kumwona kaka yake hivyo.

Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, anazungumza bila kupitia kwa mtu.

"Kaka. Ungeandika tu daftarini, 'usisikilize'. Nisingesikiliza."

"Ungeuliza kwa nini."

"Nisingeuliza."

"Hata usingeuliza," anasema Sateki akiiambia taro ya jirani, "ungejua kuna kitu. Nami ningejua unajua."

Toakase anarudi kwenye skrini. Ni upuuzi uliomgharimu siku, na ni kweli kila neno.

Anaufuta mstari wa sauti wa kamera ya tatu kwenye filamu bila kuucheza, na mahali pake anaweka wimbo wa akina mama kutoka kamera yake mwenyewe. Jumamosi saa tano asubuhi kazi imekamilika. Vaimoana anapita kuchukua diski akiwa na mabegi ndani ya gari, na Toakase anaishika mkononi kidogo zaidi ya inavyohitajika kabla ya kuiachia.

Jumapili, saa kumi jioni, simu inalia. Ni Kalolaine. Ndugu walikuwa arobaini, anasema, wamejaa gereji ya mwanawe mpaka nje. Mkeka ulipotokea aliamuru filamu isimamishwe, irudishwe, ichezwe tena. Walirudisha mara nne. Aliyemletea ule umbea naye alikuwamo gerejini, na alipoulizwa akasema pengine alichanganya misiba.

Toakase anasema ahsante, shangazi. Anadhani yamekwisha.

"Pembeni ya mkeka kuna wanaume wanacheka," Kalolaine anaendelea. "Kaka yako yuko katikati."

"Ndiyo, shangazi."

"Walikuwa wanacheka nini?"

"Sauti haikuingia, shangazi."

Mwanamke mzee anashusha sauti.

"Feleti alikuwa akinyamaza nikiingia jikoni," anasema. "Maisha yake yote. Nikiwa mlangoni nasikia wenzake wanakatika mbavu. Nikitokea, wote wanatazama sakafu. Kila mtu ananiambia kaka yako alikuwa mcheshi, na mimi dada yake sijawahi kumsikia." Anavuta pumzi. "Leo nimeona meno yao. Inatosha. Mwambie kaka yako nimemshukuru, ila usimwambie kwa nini."

Toakase anaueleza ujumbe huo kwa mwandishi wa habari hii akiwa mlangoni, Jumatatu asubuhi, huku akikung'uta unga mikononi. Kwa Sateki ameufikisha nusu, kama alivyoagizwa. Kaka yake hakuuliza.

Ameamua biashara itabadilika. Si kwa kidude kidogo cha jicho, ambacho sasa amekizungushia rangi ya kucha nyekundu juu ya kioo, wala kwa daftari kubwa zaidi. Anachohitaji, anasema, ni mtu wa tatu: mtu ambaye si dada wa anayesema wala kaka wa anayesikia. Katika kisiwa hiki ambako kila binamu ni kaka au dada, mtu huyo si rahisi kumpata. Bahati nzuri kaka yake alimuoa.

Mpango ni Pelenaise akae kati ya zamu hizo mbili, kuanzia saa mbili hadi saa nne, apitie sauti zote kabla Toakase hajaketi, na alipwe sehemu yake kwa kila kazi. Kufikia Krismasi Toakase anataka awe anakata harusi ndogo peke yake. Akifika hapo watanunua kompyuta ya pili, hata ya mitumba.

Somo la kwanza limeanza asubuhi hii. Amemwonyesha wifi yake jinsi ya kufungua faili, jinsi ya kuongeza na kupunguza sauti, akamvisha spika za masikioni. Pelenaise ameomba aanze na kipande cha kumi na moja. Toakase amemfungulia, kisha akatoka na kufunga mlango nyuma yake.

Kutoka chumbani kunasikika kiti kikivutwa. Halafu mguno. Halafu kicheko kinachoanzia tumboni, kinapanda, kinagonga ukuta, kinageuka kikohozi na kuanza upya. Kitu fulani kinaanguka mezani.

Toakase anabaki alipo, mikono yake yenye unga ikiwa kiunoni, uso umeelekea barabarani.

"Akimaliza," anasema, "nitaingia nimfundishe kukata."